Tagi za Kwaya ya Mama Marthe

Bertin alikuwa na tabia moja iliyojulikana mji mzima wa Baraka, kutoka sokoni mpaka ufukweni: ukianza kumwambia jambo, yeye ndiye anayelimaliza. Ukisema, "Bertin, leo nimemuona..." atadakia, "Bonaventure, ndiyo, amerudi kutoka Misisi," kumbe wewe ulitaka kusema umemuona muuguzi. Hakuwa na dharau, maskini wa Mungu. Akili yake ilifika kabla ya maneno ya wenzake, na ikishafika haikuwa na subira ya kukaa na kuyangoja. Ile methali ya haraka na baraka siitaji hapa, kwa sababu watu wa Baraka wameisikia kwa kila mgeni anayeshuka garini na kujiona mjanja.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao kwa lugha ya Java. Mama yake mzazi aliwaeleza majirani, "Iko nafanya bintu ndani ya ordinateri," na majirani wakaitikia kwa heshima ya watu walioelewa. Alikuwa na chumba kimoja katika bureau, yaani ofisi, ya kanisa, paneli ya sola juu ya bati, kompyuta iliyokwisha zeeka, na mchumba aliyeitwa Tania.

Tania ndiye tunayemfuata katika hadithi hii, au tuseme Bertin ndiye aliyekuwa akimfuata, naye hakuwa amempata bado. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena alikuwa na sauti ya pili nzuri katika kwaya. Baba yake alikwisha fariki, na baba zake wadogo walisema wazi kwamba mama yake akikubali, nao wamekubali. Mama yake alikuwa Mama Marthe, kiongozi wa kwaya, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ambaye waimbaji wote walimwogopa kuliko mvua ya ziwani. Ujumbe ulipopelekwa kwake kimyakimya kuuliza kama familia ya Bertin inaweza kuja kujitambulisha, alijibu hivi:

"Ule mutoto haiko mubaya. Lakini hasikilizake batu. Sasa mutoto wangu, atamusikiliza na masikio gani?"

Jibu hilo lilimfikia Bertin likiwa zima, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa moyoni kwamba atamwonyesha Mama Marthe kazi ambayo itamfanya asahau habari za masikio.

Nafasi ilipatikana upesi. Kwaya za eneo zima zilikuwa zinakutana Baraka: kutoka Fizi, kutoka Misisi, kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lusenda, kutoka Minembwe kule juu milimani. Kila kwaya ina nyimbo zake na lugha yake, na kila mwaka ni yale yale: wenyeji wanaimba kwa Kibembe, wageni wanafumba na kufumbua midomo bila kutoa sauti. Bertin akapendekeza maneno ya nyimbo yaonekane kwenye simu za watu wote kanisani. Intaneti haihitajiki, kompyuta yake yenyewe itatoa kurasa, na kisanduku cha Wi-Fi kitazisambaza. Yeye atakaa pembeni, abonyeze, na kila simu itaonyesha ubeti ule ule, mtu kwa lugha yake.

"Tutaona," alisema Mama Marthe.

"Mama akisema 'tutaona'," Tania alimwambia Bertin baadaye, "ni weye iko naangalia. Haiko nyimbo."

Rafiki yake Gad, kijana wa Minembwe aliyefundisha hesabu mjini, alimsaidia kuandika nyimbo katika faili la XML. Ukilifungua faili la namna hiyo, unaona kila neno limewekwa ndani ya alama zinazosema ni kitu gani: hili ni jina la wimbo, huu ni ubeti, hiki ni kiitikio, hiki ni Kibembe, hiki ni Kiswahili, hiki ni Kirundi, hiki ni Kinyamulenge. Gad alikuwa mtu wa utaratibu. Aliandika kila wimbo kama ulivyoandikwa katika karatasi za kwaya: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, mpaka mwisho.

Ikabaki kuchagua maktaba ya tagi. Usiogope neno hilo. Hata mama yake Bertin aliliweza. Ni fungu la amri ambazo watu wengine wamekwisha zitengeneza, nawe unazipachika ndani ya ukurasa wako wa Java, zinakwenda kulisoma faili la XML kwa niaba yako. Zipo nyingi, na Bertin alizichunguza kwa makini ambayo wanaume wengine huyatumia kuchagua suti ya harusi. Mwishoni zikabaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa JSTL, ile ya kawaida ambayo kila aliyesoma kazi hiyo anaijua. Gad aliipa jina la Koko, ndivyo huku tunavyomwita bibi, kwa sababu mwenendo wake ulikuwa wa bibi. Haifanyi lolote mpaka imelisoma faili lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kulipanga katika kumbukumbu tawi kwa tawi. Ikishamaliza, unaweza kuiuliza chochote: ubeti wa tatu, kiitikio, rudi wa kwanza, nipe Kirundi chake. Lakini kwenye kompyuta ile nzee, walipoijaribu, Gad alitoka kwenda kununua ndizi, akasalimiana na watu njiani, akarudi, na Koko alikuwa bado anasoma.

Ya pili aliipata kwa Patrice, rafiki wa Uvira aliyeitengeneza mwenyewe na kuisifu kama mtu anayesifu mtoto wake. Hii iliitwa Pikipiki. Inasoma mstari, inauonyesha, inautupa, inakwenda mbele. Haikumbuki ilikotoka. Kwa sababu hiyo ilikuwa nyepesi, na ukurasa ulifunguka kabla kidole cha Bertin hakijaachana na kibonyezo.

"Umeona?" Bertin alisema, macho yakimng'aa. "Umeona?"

"Nimeona," Gad alijibu huku akimenya ndizi. "Lakini ile yako inapitaka mbele ya batu bila kusalimia. Miye ningechukua Koko."

"Koko atatuchelewesha mbele ya kanisa lote!"

Tania alikuwa ameketi mlangoni akisahihisha madaftari. Akainua kichwa. "Bertin, na kama mama aki..."

"Akitaka maandishi makubwa, ndiyo, nimeweka. Kila mutu atajipangia mwenyewe."

Tania alishusha kalamu. Alimtazama kidogo, kama anavyowatazama wanafunzi wanaokimbilia ubaoni kabla ya swali kuisha. Kisha akasema, "Basi ukuye kwa repetisio, mujaribu pamoja na kwaya."

"Nyimbo ziko zote ndani ya mashini. Nitakuya kufanya nini? Miye sijui kuimba."

Kuimba kweli hakujua, na hilo lilikuwa jambo pekee ambalo mji mzima ulikubaliana naye. Hivyo mazoezi ya kwaya yakapita bila yeye. Alikaa bureau akizijaribu nyimbo peke yake, ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kwa kimya, na Pikipiki haikukwama hata mara moja. Alimwandikia Patrice kumshukuru.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya ya Misisi ilikuwa na matope ya barabara mpaka magotini, ya Minembwe ilikuwa imeteremka milima kwa miguu na bado iliimba njiani, ya Lusenda ilivaa vitambaa vya rangi moja kichwani. Bertin aliketi pembeni nyuma ya spika, akiwa na kompyuta yake mbele na shati jipya, mgongo wake ukielekea kwaya. Mama Marthe alisimama katikati. Ngoma zikaanza.

Ubeti wa kwanza ulitokea kwenye simu zote kwa pamoja. Watu walishangaa, wakaonyeshana, na wageni wakaimba kwa sauti ambayo hawajawahi kuitoa Baraka. Bertin alisikia moyo wake ukipanda. Akabonyeza, kiitikio kikatokea:

*Ulinivusha ziwa, mimi sijui kuogelea,
Ulinivusha, na nguo zangu ni kavu.*

Kikaimbwa vizuri mno. Bertin akabonyeza: ubeti wa pili.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuingia kanisa la huku anajua kwamba kiitikio kilichoimbwa vizuri hakiachwi. Kinarudiwa. Kinarudiwa kwa ngoma, kinarudiwa bila ngoma, wanaume peke yao, wamama peke yao, na kama kuna mtu ameanza kulia kule nyuma, basi kaa chini, hujui mtatoka saa ngapi. Karatasi inaandika kiitikio mara moja tu baada ya kila ubeti kwa sababu karatasi inajua adabu na inamwachia kiongozi kazi yake. Kila mtoto wa Baraka analijua hilo. Bertin naye alilijua, tangu tumboni mwa mama yake; ila siku ya kuchagua tagi hakumuuliza mtoto yule aliyemo ndani yake, alimuuliza Patrice.

Mama Marthe aliinua ngumi, yaani turudie. Kwaya ya Baraka ikarudia kiitikio. Wageni wakatazama simu, simu zikasema ubeti wa pili, nao kwa utiifu wakaimba ubeti wa pili. Sauti zikagongana katikati ya kanisa. Bertin akaona hatari, akatafuta njia ya kurudi. Njia hakuna: Pikipiki ilikwisha kitupa kiitikio. Akabonyeza mbele kukitafuta kile kinachofuata, na wakati huo Mama Marthe alikuwa ameamua kwenda ubeti wa pili. Wageni wakaimba kiitikio. Bertin akaanzisha wimbo upya, na simu zote zikaonyesha jina la wimbo na namba yake. Mzee mmoja wa Misisi, mtu mwaminifu, akaiimba namba.

Mama Marthe akashusha mikono. Ngoma zikanyamaza.

"Bertin," alisema, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi, "mwanangu, mashini yako inakwenda wapi na mbio hivi? Siye tuko namuimbia Mungu, hatuko nakimbia mvua."

Kanisa lilicheka. Lilicheka kwa lugha zote nne, na hapo hawakuhitaji tafsiri. Simu zikaingia mifukoni, na wageni wakarudia kazi yao ya zamani ya kufumba na kufumbua midomo.

Wakati wa chakula Bertin alijificha bureau akijifanya anachunguza waya. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu halisi: alijua kwamba Mama Marthe hakuicheka kompyuta. Alikuwa ameona alichosema ataona. Mtu asiyesikiliza watu, na mashine yake imefanana naye. Baba yake Bertin alikuwa amekwisha mnunulia hata kofia mpya ya siku ya kujitambulisha.

Gad aliingia na sahani ya ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Tania akamfuata nyuma.

"Kula," alisema Gad. "Mutu hawezi kufa haya na njaa siku moja."

Bertin hakula. Alimtazama Tania. "Ulijua."

"Nilikuuliza: na kama mama akirudilia refrain?"

"Haukuuliza hivyo!"

"Niliuliza nusu. Nusu ingine ulijisemea weye mwenyewe."

Gad aligeuka kuangalia nje ya dirisha, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Bertin akaisogeza sahani pembeni. Kisha akauliza swali ambalo, kwa kumbukumbu ya wote wawili, hajawahi kuliuliza: "Tania, mama iko naongoza namna gani? Unielezee yote."

Tania akavuta kiti. Akamweleza kwamba ngumi ni kurudia kiitikio, hata kama ni mara kumi. Vidole ni namba ya ubeti, na mama anaweza kuruka kutoka wa pili kwenda wa nne, kisha akarudi wa kwanza akikumbuka marehemu mume wake aliyeupenda. Kiganja kilichofunguliwa na kusukumwa mbele ni ruhusa: tuendelee. Na mara nyingine haonyeshi kitu, anasubiri tu, na lazima na wewe usubiri. Bertin alitaka kudakia mara kadhaa. Ilionekana usoni, maskini, kama mtu anayezuia chafya kanisani. Lakini alizuia, mpaka Tania akanyamaza, na hata baada ya kunyamaza akangoja kidogo, kusudi aone kama kuna kilichobaki.

Kilikuwepo. "Na mara ingine," Tania akaongeza polepole, "anarudilia juu anasikia kuna mutu hajaimba bado."

Bertin akaigeukia kompyuta. "Koko," alisema. "Ni Koko tu anayeweza kurudi."

"Koko iko nzito," Gad akamkumbusha, "uliisema weye."

"Iko nzito juu nilimusomesha kitabu kila simu ikiomba. Nitamusomesha mara moja tu, halafu alichosoma nikiweke mahali kurasa zote zinakipata. Lakini hiyo mara moja itakula muda." Akasimama. "Nani anahubiri kisha chakula?"

"Pasta Nicolas," alisema Tania.

Wakatazamana wote watatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Bertin akacheka. Pasta Nicolas alikuwa mtu wa Mungu, mpole na mwenye huruma, na hajawahi kusema "kwa kumaliza" mara moja tu katika mahubiri. Kwake neno hilo lilikuwa kama kituo cha kupumzika katikati ya safari.

Kurasa za Koko zilikuwapo tangu majaribio; ilibidi kurudisha tagi zake mahali pa zile za Patrice na kuweka vibonyezo vya ubeti na kiitikio. Pasta Nicolas alipofungua Biblia, Koko naye akafungua kitabu cha nyimbo. "Kwa kumaliza," alisema Pasta, na Koko alikuwa bado anasoma. "Kwa kumaliza, wapendwa," alisema tena. Alipofika kwenye "na hili ndilo la mwisho kabisa", Koko alikuwa amekwisha maliza zamani na anangoja, na Pasta akafungua sura nyingine.

Kwaya iliposimama, Bertin aliibeba meza yake kutoka nyuma ya spika, mbele ya watu wote, akaiweka uso kwa uso na Mama Marthe. Hakutazama kompyuta. Alitazama mikono ya kiongozi.

Mama Marthe akainua unyusi mmoja. Ngoma zikaanza wimbo ule ule wa ziwa. Hakuwa mwanamke wa kusamehe wimbo uliomshinda. Watu walitoa simu mifukoni kwa kusitasita. Ubeti wa kwanza, kiitikio. Ngumi: kiitikio kikabaki pale pale. Ngumi tena: kikabaki. Vidole viwili, ubeti wa pili ukaja. Vidole vinne, wa nne ukaja. Sasa Mama Marthe alikuwa anacheza naye waziwazi, na kwaya nzima ilijua, na sauti ya pili upande wa kushoto ilikuwa ikiimba huku inatabasamu. Alimrudisha ubeti wa kwanza. Alimpeleka wa tatu. Akanyoosha mkono hewani bila alama yoyote, akangoja, na Bertin, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja kitu, akangoja naye, kidole juu ya kibonyezo, mpaka ngumi ikafungwa.

Kiitikio. Tena. Tena. Wageni wa Lusenda wakashusha simu, kwa kuwa walikwisha kishika kichwani. Wa Minembwe nao wakashusha. Mzee wa Misisi akafumba macho. Kompyuta haikuwa na kazi tena, na Mama Marthe alikuwa bado anarudia, akimwangalia Bertin moja kwa moja, ngumi juu. Bertin hakuelewa anataka nini. Aliangalia vibonyezo, vilikuwa sawa. Ndipo akakumbuka neno la mwisho aliloambiwa na Tania, lile alilolipata kwa kungoja.

Akafungua mdomo, akaimba. Aliimba vibaya, nje ya sauti zote zinazojulikana, kwamba aliyevushwa ziwa ni yeye na kuogelea hajui. Mama Marthe akamaliza wimbo.

Baada ya ibada watu walisimama uani wakiagana. Bertin alimkuta Mama Marthe katikati ya wamama wa kwaya, Tania nyuma yake. Alikuwa amekwisha pima maneno yake vizuri, lakini yalipofika mdomoni yakatoka yote kwa mpigo:

"Mama baba yangu na baba mudogo banaomba Jumamosi siku ya posho bakuye kwenu kujionyesha juu ya Tania siye wawili tulishapatana na kama munaona..."

Mama Marthe akainua ngumi.

Wamama wakageuka kumtazama. Bertin akaanza upya, taratibu. "Mama. Baba yangu na baba mudogo, banaomba siku ya posho, bakuye kwenu."

Ngumi ikabaki juu. Kuna aliyeanza kupiga makofi kwa mapigo ya wimbo. Alikuwa Gad, msaliti yule. Bertin akasema mara ya tatu, na safari hii hakutazama wamama wala Gad wala viatu vyake, alimtazama Tania, na kila neno lilipata nafasi yake. Wamama wote wakamwitikia, "Bakuye kwenu!"

Alipomaliza hakuongeza kitu. Alisimama pale, akangoja.

Mama Marthe alimwacha angoje kwa muda ambao hata Pasta Nicolas angeuona mrefu. Kisha akafungua kiganja, akakisukuma mbele.